Nyumba Njema Si Mlango: Jengo la Mahakama la Sumner

Kuna miji ambayo mtu huizuru kwa ukubwa wake, na kuna miji ambayo huzuriwa kwa sababu ya jengo moja tu. Wiki hii twawaalika tusafiri pamoja hadi mji wa namna ya pili. Mji huo ni Sumner, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Wakazi wake ni mia chache, mitaa yake yahesabika kwa vidole, na mgeni apitaye kwa gari bila ya kuwa na habari aweza kuuacha nyuma kabla hajatambua kwamba ameufikia. Hata hivyo, katikati ya mji huo pana jengo la mahakama ambalo mwaka 2023 Rais wa Marekani alilitia katika orodha ya kumbukumbu za taifa. Sababu ni siku tano za mwezi wa Septemba 1955, pamoja na jambo ambalo watu wa mji huo waliamua kulitenda zaidi ya nusu karne baadaye.

Wazee wetu wamesema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Twaomba methali hiyo ituongoze. Tutalitazama jengo kwa nje kwanza, kisha tutaingia chini, kisha tutapanda juu. Na kila hatua itatufunza jambo ambalo hatua iliyotangulia ilitufichia.

Njia ya kufika

Mwenye kutoka mji wa Memphis hushika njia ya kusini akaingia katika nchi ambayo wenyeji huiita Delta. Si delta ya mto unaomwagika baharini, kama ile ya Tana tunayoijua sisi. Ni uwanda mpana ulio baina ya mto Mississippi na mto Yazoo, tambarare kama mkeka, wenye udongo wenye rutuba ulioletwa na mafuriko ya karne nyingi. Misitu yake ilifyekwa na mahali pake pakapandwa pamba. Mikono iliyofyeka na kupanda kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watu weusi. Kwanza walikuwa watumwa. Na utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wao wakawa wakulima waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno. Hesabu ilipopigwa mwisho wa mwaka, na mpiga hesabu alikuwa mwenye shamba, aghalabu mkulima alijikuta ana deni badala ya faida.

Ukipita mji wa Clarksdale, kisha kijiji cha Tutwiler, ndipo unapofika Sumner. Kando ya mji hupita Cassidy Bayou, mkondo wa maji mazito yaendayo polepole mno, wenye miti iotayo ndani ya maji. Hapo ndipo ulipojengwa uwanja wa mraba uliozungukwa na maduka na ofisi za mawakili, na katika uwanja huo jengo letu limesimama.

Kaunti yenye makao mawili

Neno kaunti si geni kwetu tena tangu Kenya ilipogawanywa katika kaunti 47. Jimbo la Mississippi peke yake lina kaunti 82, na nyingi kati yake ni ndogo mno zikilinganishwa na zetu. Kaunti hii inaitwa Tallahatchie, kwa jina la mto upitao humo. Ina jambo moja lisilo la kawaida: ina makao makuu mawili, Charleston upande wa mashariki na Sumner upande wa magharibi, kila mji na mahakama yake. Mississippi ina kaunti 10 za namna hiyo. Ni urithi wa siku ambazo mito na vinamasi vilifanya safari fupi kuwa ndefu, na mtu aliyekuwa na kesi au hati ya shamba alihitaji ofisi iliyokuwa upande wake wa maji.

Jambo hilo latukumbusha kazi ya jengo la mahakama katika miji midogo ya Marekani. Si mahali pa kesi pekee. Humo ndimo zihifadhiwamo hati za ardhi na wosia, ndimo watu wachukuamo kibali cha ndoa, na ndimo wajiandikishamo kupiga kura. Mtu huingia mlango huo mara nyingi katika maisha yake, akiwa na furaha au na msiba, hata kama hajawahi kugombana na yeyote. Kwa sababu hiyo wenyeji walilipa jengo hilo mahali pa heshima kuliko yote mjini, na fedha nyingi kuliko walizotumia kwa majengo mengine.

Kwa nje

Jengo la Sumner lilijengwa baina ya mwaka 1909 na 1910. Mtindo wake ni ule ambao wajenzi huuita wa Kiromaneski, uliofufuliwa Marekani na msanifu Henry Hobson Richardson, aliyefariki mwaka 1886 na kuacha wafuasi wengi. Alama zake hazimpotei mtazamaji: kuta nene za matofali, matao ya nusu duara juu ya milango, madirisha yaliyozama ndani ya ukuta, na mnara uliopanda juu ya paa ukiwa na saa. Majengo mengi ya mahakama, maktaba na stesheni za reli ya wakati ule yalijengwa hivyo. Haikuwa kwa bahati. Tao zito humwambia mpitanjia kwamba nguvu iliyo ndani haitikisiki, nao unene wa ukuta humwambia kwamba mlio wa nje hautafika kwa aliyekaa kuhukumu. Saa ya mnarani ilikuwa ya wote, tajiri na maskini, mweupe na mweusi. Kila aliyeinua macho aliisoma saa ile ile.

Lakini tusikaze macho juu tu. Katika uwanja wa mahakama pana nguzo ya kumbukumbu iliyosimamishwa mwaka 1913, miaka michache tu baada ya jengo kukamilika. Yawaenzi askari waliopigania majimbo ya Kusini yaliyojitenga mwaka 1861 ili kuulinda utumwa. Wakati nguzo hiyo iliposimamishwa, wakazi wengi wa kaunti walikuwa watu weusi, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliozaliwa utumwani. Mtu wa namna hiyo alipokuja kutafuta haki yake, kabla hajafika mlangoni alikuwa amekwisha kuonyeshwa ni akina nani walioheshimiwa katika uwanja ule. Matao yalisema jambo moja, nguzo ikasema jingine.

Ofisi za chini

Tufungue sasa mlango. Katika mahakama za kaunti za Mississippi, karani wa mahakama ndiye aandikishaye wapiga kura. Kazi hiyo yaonekana ndogo: meza, daftari na kalamu. Lakini katiba ya jimbo ya mwaka 1890 ilikuwa imeweka vikwazo kwenye meza hiyo. Aliyetaka kuandikishwa alidaiwa kodi maalumu ya kura, na aliweza kutakiwa kusoma au kueleza kifungu cha katiba mpaka karani aridhike. Karani alikuwa mweupe, na kuridhika kwake hakukuwa na kipimo. Pakiwa na mtu mweusi aliyevuka vizuizi hivyo, bado ilibaki hofu ya kufukuzwa shambani, au kuchomewa nyumba, au kuuawa. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1955, katika kaunti ya Tallahatchie ambako watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa katika daftari la wapiga kura.

Twalitaja hilo mapema kwa sababu hukumu iliyosomwa ghorofa ya juu ilitegemea daftari hilo. Marekani hutumia juri, yaani jopo la raia 12 ambao ndio waamuao kama mshtakiwa ana hatia, naye jaji huongoza sheria tu. Kenya ya leo haina mfumo huo. Wakati wa ukoloni ulikuwapo, lakini haki ya kuhukumiwa mbele ya juri ilikuwa ya Mzungu aliyeshtakiwa. Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza ambao rai yao haikumfunga jaji. Huko Mississippi, majina ya juri yalichaguliwa kutoka katika orodha ya wapiga kura. Asiyekuwa katika daftari hakuweza kuketi katika viti 12. Wanawake nao, hata waliopiga kura, hawakuruhusiwa kuketi humo hadi mwaka 1968. Ndiyo kusema, kabla ya shahidi wa kwanza kuapishwa, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba waamuzi watakuwa wanaume weupe watupu.

Mtoto aliyeletwa na mto

Emmett Till alizaliwa Chicago tarehe 25 Julai 1941. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, Mamie. Mwezi wa Agosti 1955, akiwa na miaka 14, alikwenda kuwatembelea jamaa zake huko Delta, akakaa kwa Mose Wright, mkulima na mhubiri aliyekuwa mume wa khalati ya mama yake. Kwa desturi zetu tungesema ni babu yake. Tarehe 24 Agosti aliingia katika duka dogo la kijiji cha Money. Mwanamke mweupe aliyekuwa dukani alidai kwamba kijana yule alimkosea adabu. Usiku wa kuamkia tarehe 28, mume wa mwanamke huyo, Roy Bryant, na ndugu yake wa kwa mama, J. W. Milam, walifika nyumbani kwa Mose Wright wakiwa na silaha, wakamchukua mtoto. Siku tatu baadaye mwili wake ulionekana katika mto Tallahatchie, shingoni umefungwa kwa seng'enge panga zito la chuma lililotoka katika kinu cha kuchambulia pamba. Uso haukutambulika. Kidoleni mlikuwa na pete ya marehemu baba yake, yenye herufi za jina lake.

Wakuu wa Mississippi walitaka azikwe haraka. Mama yake alikataa, akadai mwili urudishwe Chicago, na ulipofika akaamuru jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone alichofanyiwa mwanawe. Makumi ya maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza hilo, na picha zilizochapishwa katika jarida la Jet ziliwafikia wengi zaidi. Kwa kuwa mwili ulionekana upande wa magharibi wa kaunti ya Tallahatchie, kesi ya Bryant na Milam ililetwa Sumner.

Wakati huo mji ulikuwa na kibao kilichowaambia wageni kwamba hapa ni mahali pazuri pa kulelea mtoto wa kiume. Waandishi wa habari waliofika walikinakili kibao hicho, na aliyekisoma hakuhitaji maelezo.

Chumba cha juu

Tupande ngazi. Chumba cha mahakama kiko ghorofani, chenye madirisha marefu, mabenchi ya watazamaji, na uzio wa mbao unaotenga watazamaji na mahali pa jaji, mawakili na juri. Kesi ilianza tarehe 19 Septemba 1955. Joto lilikuwa kali hata Jaji Curtis Swango akawaruhusu wanaume kuvua makoti na kuvuta sigara. Chumba kilijaa mpaka watu wakasimama kandokando ya kuta.

Ramani ya chumba siku zile yafaa kusomwa kama maandishi. Waandishi weupe walipewa nafasi ya mbele, karibu na mashahidi. Waandishi weusi walipewa meza ndogo pembeni. Mbunge Charles Diggs, aliyetoka Michigan akiwa miongoni mwa watu weusi wachache mno katika Bunge la Marekani, hakupata nafasi ila kwenye meza hiyo hiyo. Hapo ndipo alipoketi pia mama wa marehemu. Watazamaji weusi walibanwa nyuma. Washtakiwa waliingia na wake zao na watoto wao wadogo wa kiume, na watoto hao walicheza chumbani na kupanda magotini mwa baba zao mbele ya macho ya juri. Mawakili wote watano wa mji wa Sumner walikubali kuwatetea.

Tarehe 21 Septemba Mose Wright, mwenye umri wa miaka 64, alikaa katika kiti cha shahidi. Mwendesha mashtaka Gerald Chatham alimwuliza kama awaona chumbani wale waliomchukua mtoto usiku ule. Mzee alisimama wima, akanyoosha mkono, akamwonyesha Milam, kisha Bryant. Ni vigumu kwetu leo kuupima uzito wa mkono ule. Katika Delta ya siku hizo, mkulima mweusi kumshtaki mtu mweupe kwa uso wake, mbele ya hadhara, ilikuwa ni kuyaweka maisha yake rehani. Picha ya tendo hilo ilipigwa kwa siri, kwa kuwa kupiga picha wakati wa kesi kulikatazwa.

Baada yake alikuja Willie Reed, kijana wa miaka 18, aliyeeleza kwamba alimwona Till katika gari na kwamba alisikia kilio na mapigo kutoka katika ghala la shamba. Mama naye alikuja, akasema kwa utulivu kwamba alimtambua mwanawe, kama mama yeyote awezavyo. Upande wa pili, Sherifu H. C. Strider, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza uhalifu, alitoa ushahidi kwa ajili ya washtakiwa: alidai kwamba mwili ulikuwa umekaa majini muda mrefu kuliko siku alizopotea Till, na kwamba hakuna awezaye kusema ni wa nani. Katika hotuba ya mwisho, wakili mmoja wa utetezi aliwakumbusha wajumbe wa juri asili ya damu yao.

Tarehe 23 Septemba juri lilitoka kushauriana. Lilirudi baada ya dakika 67 na kusema kwamba washtakiwa hawana hatia. Mjumbe mmoja aliwaambia waandishi kwamba wasingekawia kiasi hicho lau wasingesita kunywa soda.

Miezi michache baadaye, Januari 1956, Bryant na Milam walilipwa fedha na jarida la Look, nao wakasimulia kwa vinywa vyao jinsi walivyomwua. Sheria haikuruhusu waliokwisha kuachiliwa kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Mose Wright aliacha pamba yake shambani bila kuvunwa, akahamia upande wa Chicago. Willie Reed naye alikimbilia huko. Mamie alisoma akawa mwalimu wa shule, akaendelea kumsimulia mwanawe mpaka alipofariki Januari 2003. Tarehe 1 Desemba 1955, miezi mitatu baada ya mauaji, Rosa Parks alikataa kusimama katika basi huko Montgomery, na baadaye alieleza kwamba alikuwa akimfikiria Emmett Till.

Miaka ya kimya

Katika Sumner yenyewe palitanda kimya. Jengo liliendelea na kazi yake: hati ziliandikwa, ndoa zikasajiliwa, kesi zikasikilizwa katika chumba kile kile. Miaka ilivyopita chumba kikabadilishwa sura, na kuta zikaanza kuchakaa. Kwa takriban miaka 50 uwanja ule ulikuwa na nguzo ya askari wa mwaka 1913, na hapakuwa na jiwe wala kibao kilichomtaja mtoto wa Chicago. Weupe wengi waliona aibu au hasira jambo hilo likitajwa. Weusi wengi waliwaficha watoto wao, kwa kuwa hofu haikuwa imekwisha. Pakawa na familia zilizokua mji mmoja, baadhi zikijua habari yote na baadhi zisijue chochote.

Lakini kule chini, mezani kwa karani, mambo yalikuwa yakigeuka. Sheria ya Haki za Kura ya mwaka 1965 iliondoa vile vikwazo vya kusoma na kueleza katiba. Watu weusi wakaandikishwa, wakapiga kura, na hatimaye wakachaguliwa katika baraza la kaunti. Jerome Little, mtu mweusi, alifika kuwa mwenyekiti wa baraza hilo. Chini ya uongozi wake iliundwa mwaka 2006 tume ya kumkumbuka Emmett Till, yenye wajumbe weusi na weupe.

Tarehe 2 Oktoba 2007, mbele ya mlango wa mahakama, tume hiyo ilisoma hadharani tamko la kuomba radhi kwa familia ya Till. Jamaa zake walikuwapo. Tamko lilikiri kwamba haki haikutendeka katika jengo lile, na kwamba kupatana hakuna budi kuanzie katika kusema kweli. Wengine waliona ni kidogo na kimechelewa. Mama wa marehemu alikuwa amekwisha kufariki. Nasi twaona kwamba kuchelewa ni kweli. Hata hivyo, deni lililochelewa kulipwa halifanani na deni lililokanwa.

Ukarabati wa namna nyingine

Baada ya radhi likaja swali la jengo. Mtu akarabatiye nyumba ya kale kwa kawaida huirudisha siku ya fahari yake, siku ilipofunguliwa, rangi ikiwa mpya na wakubwa wamesimama barazani. Sumner ingeweza kuchagua mwaka 1910. Watu wake wakachagua kukirudisha chumba cha juu katika sura ya Septemba 1955, mwezi wa aibu yake. Mabadiliko ya baadaye yaliondolewa, na mgeni aingiaye leo hukiona chumba karibu kama alivyokiona Mose Wright. Mkabala na mahakama kumefunguliwa kituo cha kuelezea historia hiyo, ambako wageni huketi na wenyeji na kuzungumza.

Kazi hiyo haikumpendeza kila mtu. Kando ya mto, mahali paitwapo Graball Landing, palipoaminiwa kuwa ndipo mwili ulipotolewa, palisimamishwa kibao mwaka 2008. Kikaibiwa na kutupwa mtoni. Kikawekwa kingine, kikatobolewa kwa risasi. Na kingine tena, nacho vilevile. Kilichosimamishwa Oktoba 2019 kilitengenezwa kwa chuma kizito kisichopenya risasi. Kwa hiyo asidhani msomaji kwamba habari hii imekwisha na kwamba wote wameshikana mikono.

Tarehe 25 Julai 2023, siku ambayo Emmett Till angetimiza miaka 82, Rais Joe Biden alitia saini tangazo la kuweka kumbukumbu ya taifa kwa jina la Till na mama yake. Ina sehemu tatu: kanisa la Chicago lilipofanyiwa mazishi, Graball Landing kando ya mto, na jengo la mahakama la Sumner.

Yatupasayo kuchukua

Kwetu sisi wa Pwani, tulio na majengo mengi ya kale ya kuyatunza, Sumner yatuachia swali zito. Tunapoweka kibao ukutani au kumtembeza mtoto katika ngome na majumba ya zamani, twamweleza nini? Ni wepesi kumwonyesha nakshi ya mlango na kumtajia mwaka wa ujenzi. Ni vigumu kumwambia ni nani waliolia ndani yake. Watu wa mji mdogo wa Delta, wachache na wasio na mali nyingi, walilifanya lile gumu, na hawakulibomoa jengo wala kulifunga.

Tena jengo lenyewe latufunza mahali pa kutazama. Kuta zilikuwa imara, jaji hakukosa kiti, saa ilikuwa mnarani, kiapo kiliapwa. Kilichokosekana kilikuwa katika daftari la chini, mahali ambapo wapitao hawapatazami. Mtu atakaye kujua kama nyumba ya hukumu ni ya haki, na asitosheke na ukumbi wake. Aulize ni nani walioandikwa na ni nani walioachwa.

Mahakama ya Sumner haijawa makumbusho tu. Kesi bado husikilizwa humo. Siku ya kesi, wageni husubiri nje, nao wenyeji waliopata wito wa kuwa juri hupanda ngazi zile zile, wanawake kwa wanaume, weusi kwa weupe, wakaketi katika viti 12 vya chumba kile, mbele ya kiti ambacho mzee Mose Wright alisimama na kunyoosha mkono.